Kinywa cha Mdogo Wangu

Kanisani kwetu hakuna kinanda, na msidhani ni kwa kukosa fedha. Hakuna kinanda kwa sababu hakuna andiko. Kabla hatujafanya jambo lolote ndani ya lile jengo la matofali, mzee wetu mkuu hunyanyua kidole na kuuliza, "Andiko liko wapi?" Ameuliza hivyo kwa muda mrefu hata jina lake halisi limesahaulika. Watu wanamwita Mzee Andiko, mbele yake na nyuma yake, naye anapenda.

Niseme mapema, maana nina hasira, na mtu mwenye hasira ni rahisi kumpuuza: kuuliza andiko si kosa. Mama yetu alitulea na swali hilo. Kuna mwaka alipita mhubiri mmoja, suti inang'aa, akitaka kutuuzia maji ya baraka kwenye vichupa. Mzee Andiko alimwuliza swali lake hilo moja tu, na yule bwana akafunga mkoba wake bila kuaga. Siku hiyo nilimpigia mzee makofi moyoni, kwa kuwa makofi yenyewe nayo hayana andiko.

Kanuni ni tatu, na watoto wetu wanazijua kabla ya kujua kusoma. Jambo la ibada liwe na amri. Likikosa amri, liwe na mfano wa kanisa la mwanzo. Likikosa mfano, liwe hitimisho la lazima, yaani Biblia haikulitamka wazi lakini huwezi kuisoma ukalikwepa. Kisha kuna vitu vidogo vidogo vinavyotuwezesha kutimiza amri, kama mabenchi, taa na paa. Hivyo vinaitwa msaada. Vinavyoongeza jambo ambalo Mungu hakulisema vinaitwa nyongeza, na nyongeza ni dhambi. Kinanda ni nyongeza. Kipaza sauti kilijadiliwa mpaka watu wakachukiana, mwishowe kikapita kuwa msaada. Feni ilipita kwa kikao kimoja, maana wazee nao hutoka jasho.

Mdogo wangu ni kiziwi. Alizaliwa hivyo. Mtaani wanamwita Bubu, nami nimegombana na nusu ya mtaa kwa ajili ya jina hilo, kwa sababu bubu ni mtu asiyesema na mdogo wangu husema mchana kutwa. Anasema kwa mikono. Mama alituachia mashine ya kusaga nafaka. Mimi napokea wateja, yeye anaendesha. Mashine ikiwaka hakuna anayemsikia mwenzake, kwa hiyo pale kwetu kila mteja ni kiziwi na kila mteja anajua mikono. Ukisugua vidole, unataka unga laini. Ukikunja ngumi, unataka chenga. Kiganja kikifagia hewa, maana yake tayari, kazi imekwisha, chukua mzigo wako. Mzee Andiko huja na mahindi yake kila Jumamosi, na sijamsikia hata mara moja akilalamika kwamba haelewi.

Jumapili moja baada ya ibada mdogo wangu alinifuata jikoni akanigusa bega. Mkono wake wa kushoto ukawa maji, wa kulia ukazama ndani yake na kuibuka. Halafu akajigusa kifua. Nilimwuliza kama ana uhakika. Akakasirika. Akaniambia kinachomuuma: kila wiki sinia la mkate na kikombe vikipita kwenye benchi letu, mimi nashiriki, mume wangu anashiriki, kisha sinia linaruka magoti yake kwenda kwa jirani, kwa kuwa asiyebatizwa hashiriki. "Mimi si kiti," akaniambia.

Na alichoamini nilikijua. Jioni tulikuwa tunasoma pamoja, mimi nikigeuza kila mstari kuwa mikono, yeye akinisimamisha na maswali mpaka chakula kinaungua. Jina la Yesu kwetu ni rahisi. Unagusa katikati ya kiganja kimoja, kisha cha pili, pale misumari ilipopita.

Nikaenda kwa wazee. Wako watatu: Mzee Andiko, mwalimu mmoja mstaafu anayekubaliana na yeyote aliyesema mwisho, na mume wangu. Ndiyo, mume wangu. Walinipokea chumba cha nyuma, panapokaa mafagio na viti vilivyovunjika miguu. Chumba cha nyuma si kusanyiko, kwa hiyo huko mwanamke anaruhusiwa kusema.

"Ni jambo jema sana," Mzee Andiko akasema. "Mbinguni wanafurahi. Ila, dada, atakirije?"

"Kwa mikono, mzee. Mimi nitatafsiri."

Akafungua Biblia yake iliyopigwa gundi mgongoni, akaweka kidole kwenye mstari. "Hapa mtume anataja kinywa. Moyo wa kuamini, kinywa cha kukiri. Mikono hakuitaja."

"Si mlisema kipaza sauti ni msaada? Basi na mikono ni msaada."

"Kipaza sauti hukuza kinywa kilichopo. Mikono inakaa mahali pa kinywa. Hiyo si msaada tena, hiyo ni nyongeza." Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulionipandisha damu. Mtu akinifokea najua la kufanya.

"Zakaria naye alipofungwa ulimi aliandika kwenye kibao, na Mungu akampokea."

"Zakaria alikuwa chini ya agano la kale, dada. Msalaba ulikuwa bado."

Mwalimu mstaafu akaitikia, kweli kabisa, msalaba ulikuwa bado. Kisha akaona aongeze utani wake, akasema sikio la kufa halisikii dawa. Aliponiona usoni akaanza kukohoa. Mume wangu alikuwa anavuta uzi uliochomoza kwenye mkono wa koti lake.

"Basi mimi niwe kinywa chake," nikasema.

"Mwanamke? Ndani ya kusanyiko?" Hapo Mzee Andiko hakuhitaji hata kufungua ukurasa. "Akipatikana ndugu mwanamume anayeielewa lugha hiyo ya mikono, asimame amsemee, na sisi tutapokea, maana kinywa kitakuwapo. Au atamke mwenyewe. Neno moja tu, 'naamini'. Hatumtwishi mtu mzigo asioweza kubeba."

Nilimsubiri mume wangu nyumbani nikiwa nimesimama.

"Mwanamume anayeelewa mikono," nikamwambia kabla hajavua koti. "Umemsikia mzee? Huyo mwanamume yuko wapi? Mdogo wangu anakula kwenye meza hii tangu tulipooana. Wewe unajua nini katika mikono yake?"

"Mke wangu, usianze."

"Nionyeshe. Chochote tu."

Akafikiri. Kisha akakunja ngumi na kuiinamisha mdomoni. Chai. Miaka yote hiyo shemeji yake amejifunza kusoma midomo yake, na kununa kwake, na hata anavyokanyaga sakafu akiwa na hasira, na yeye alichojifunza ni kuagiza chai.

"Sheria si yangu," akasema.

"Sheria si yako, lakini shemeji ni wako. Jifunze! Kiganja, kiganja, moyo. Hata mtoto anayenyonya ataweza."

"Na mzee akiniuliza nani kathibitisha kwamba ndiyo maana yake? Nitamjibu nini mbele za watu?"

Hapo nikaelewa kwamba mume wangu hamwogopi Mungu hata kidogo. Anamwogopa Mzee Andiko. Nilimwambia hivyo hivyo, bila kupaka mafuta.

Mdogo wangu alikuwa ameona yote; ugomvi hauhitaji masikio. Asubuhi, kabla hatujafungua, akaniambia atatamka mwenyewe. Nikakataa. Alipokuwa mtoto alikuwa na sauti, alikuwa ananiita kwayo, mpaka watoto wa njiani walipoanza kumwigiza wakilia kama ndama. Akaifunga sauti yake. Hata alipobanwa vidole na mkanda wa mashine hakutoa mlio. Sasa Mzee Andiko alitaka aifungue, tena hadharani, ili mstari utimie. Mimi nilisema heri asibatizwe. Yeye akasema hilo si langu kuamua, na alikuwa na haki.

Tulifanya mazoezi mashine ikiwaka ili mtu asimsikie. Aliweka vidole kooni kwangu nikitamka, kisha akaviweka kooni kwake akiutafuta mtetemo ule ule. Naamini. Nilikuwa natazama midomo yake na kumwambia sivyo, sivyo, karibu, tena. Siku moja nilizima mashine ghafla ili nisikie. Sitaki kuieleza sauti ile. Nilimwambia imekuwa nzuri, nikageuka nikajifanya natafuta ufagio.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na magunia matupu mikononi. Sijui alikuwa ametutazama kwa muda gani. Mdogo wangu alipomwona hakukasirika, alimwonyesha, taratibu: kiganja, kiganja, moyo. Akarudia. Mume wangu akaitikia kwa kichwa, akaweka magunia chini, akaondoka.

Jumamosi Mzee Andiko akaja na mahindi yake. Mashine ilikuwa inanguruma. Akasugua vidole: laini. Mimi nikamtazama tu.

Akasugua tena. Nikaweka mkono sikioni. Akasogea, akapiga kelele, nikaona shingo inamvimba, lakini hakuna neno lililovuka ule mngurumo. "Sijasikia, mzee!" nikamwambia, naye hakunisikia. "Sema kwa kinywa!" Watu kwenye foleni wakaanza kucheka. Akasugua vidole mpaka nikadhani vitatoa moshi. Ningeendelea hadi jioni, na wala nisingechoka.

Mdogo wangu ndiye aliyenisukuma kando. Alichukua gunia la mzee, akalimimina, akamsagia laini kabisa, akamfagilia hewa kwa kiganja: tayari. Mzee Andiko akainama kuchukua unga wake. Niliposimamisha mashine alikuwa bado pale, anajifuta paji la uso.

"Nimekuelewa, dada," akasema. "Lakini mashine si ibada."

"Mdogo wangu ni yule yule kote kote, mzee."

"Yeye ndiyo. Sheria siyo." Akambariki mdogo wangu kichwani, akaenda zake. Nilitaka kumtupia chekeche.

Jumapili ya ubatizo birika lilijazwa mapema. Liko mbele, chini ya mimbari, na ngazi za saruji zinazoingia majini. Mzee Andiko alishuka na shati jeupe, mdogo wangu akamfuata akishika ukingo, maji yakawafika kiunoni. Mimi nilikuwa benchi la mbele na mume wangu kando yangu.

"Je, unaamini kwa moyo wako wote kwamba Yesu Kristo ni Mwana wa Mungu?" Mzee Andiko aliuliza kwa sauti kubwa kuliko siku zote, kana kwamba siku zote shida ilikuwa sauti ndogo.

Mdogo wangu akaweka vidole kooni, akafungua kinywa.

Ilitoka kubwa mno, kwa kuwa alikuwa amezoea kuisukuma ndani ya mngurumo. Ikapanda, ikakatika katikati, ikamalizikia puani. Mimi nililisikia neno zima. Nyuma yangu mtu akacheka. Si mtoto, mtu mzima, mwenye kushiriki meza ya Bwana kila wiki. Wengine wakafuata, wakiziba midomo kwa vitambaa na kuinamia Biblia zao. Mdogo wangu hasikii kicheko lakini anakijua kwa macho tangu utotoni. Akayapitia mabega yao yanayotikisika, benchi moja baada ya jingine, na vidole vikaporomoka kutoka kooni.

"Kusanyiko limesikia neno gani?" Mzee Andiko akauliza. Yeye hakucheka, hilo nampa. Watu wakazidi kuinamia Biblia zao. "Siwezi kushuhudia neno nisilolisikia," akasema.

Ndipo mdogo wangu akainua mikono kutoka majini. Akagusa kiganja, akagusa kiganja, maji yakimchuruzika mpaka kwenye viwiko. Akaweka ngumi moyoni akaigonga, akaigonga tena kwa nguvu. Hakuna mtu mle ndani asiyejua misumari ilipopita. Wamehubiriwa misumari hiyo tangu wakiwa migongoni mwa mama zao.

"Anasema nini?" mzee akauliza.

Sikumbuki kusimama, nilijikuta tu nimesimama. Mimi nina sauti ya mashine; hata kwenye nyimbo huwa naombwa nipunguze. "Anasema anamwamini Yesu kwa moyo wake wote!"

Bati lote liliitika. Mzee Andiko alitazama juu ya kichwa changu, kwa wanaume walioketi nyuma, akasema kwa upole ule ule wa chumba cha nyuma, "Kusanyiko halijasikia neno. Yuko ndugu anayeelewa anachosema?"

Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumrushia kiatu, koo linaniwaka kwa jinsi nilivyopaza sauti, na kwao ilikuwa kama sijasema kitu. Nimeumbiwa kinywa, nimekifungua, na hakikuwapo. Hasira niliyoisikia pale sijawahi kuisikia, wala siku mama alipokufa na ndugu zake wakaja kugombea mashine. Nikamgeukia mume wangu. Kanisa zima likamgeukia, maana wote wanajua mdogo wangu anaishi kwa nani. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nikamshika bega nikalitikisa. Akasogeza kiatu kimoja, akakilinganisha na kingine.

"Basi ajaribu tena," Mzee Andiko akasema. Akamwonyesha mdogo wangu midomo yake mwenyewe kwa kidole, akiipanua. "Tena. Na-a-mi-ni."

Kiganja cha mdogo wangu kikafagia hewa juu ya maji. Tayari. Imekwisha.

Niliona macho ya mzee yakielewa. Yasingeacha kuelewa, jana yake tu alikuwa ameinama kuchukua unga kwa kuonyeshwa mkono huo huo. "Anasema nini?" akawauliza tena wanaume wa nyuma, na wanaume wa nyuma, ambao wote husaga kwangu, wakasema hawajui.

Mdogo wangu akapanda ngazi mwenyewe, akashika njia ya katikati kuelekea mlangoni, suruali ikimwaga maji kwenye sakafu yao. Nilimfuata. Dada mmoja alininong'oneza nisiondoke ibada haijaisha, nikamwambia akasaidie kupiga deki.

Nje jua lilikuwa kali. Nilivua mtandio wangu nikamfuta kichwa na masikio, naye akaniachia, kama zamani nilipokuwa namwogesha. Hakulia. Ndani wakaanzisha wimbo, sauti nne, safi, bila kinanda.

Mume wangu akatoka mbio, koti halijafungwa.

"Nilimwelewa," akasema huku anahema. "Mke wangu, nilimwelewa yote. Kiganja, kiganja, moyo. Nilimwelewa kabla hata hujasimama."

"Na kinywa chako kilikuwa wapi?"

"Wangeniuliza. Unamjua mzee. Angeniuliza mbele ya watu wote, nami sina hata mstari mmoja wa kushika." Alikuwa na machozi, sikatai. "Nipe muda. Wiki hii nitakaa na mzee taratibu, peke yetu, nimweleze. Pengine Jumapili ijayo wakikubali... Kuna namna ya kusema haya mambo. Si kwamba simpendi shemeji, unajua nampenda, ni vile mtu huwezi tu kusimama ukasema..." Akaendelea hivyo, mikono yote miwili mifukoni.

Mdogo wangu aliitazama midomo ile ikienda mbio kuliko anavyoweza kuisoma. Akanigusa mkono. Anasema nini?

Nimemtafsiria tangu nikiwa msichana mdogo. Walipomsifu nilimfikishia, walipomtukana nilimfikishia, sikumwongezea mtu neno wala kumpunguzia. Nikamtazama mume wangu, kinywa kikifunguka na kufungika.

Hasemi kitu, nikamjibu mdogo wangu kwa mikono, na tukaenda nyumbani kubadilisha nguo.